Pacha wawili wa senti moja: namna ya kusoma thamani ya stempu na bahasha za Marekani za karne ya 19

Chukua stempu mbili za Marekani za miaka ya 1860. Zote ni za buluu, zote zina kichwa cha Benjamin Franklin akitazama pembeni, zote ni za senti moja. Zilaze mezani ubavu kwa ubavu, umwite jirani akuambie ipi ni ipi. Hataweza. Moja utaipata kwa muuza stempu kwa makumi machache ya dola, na ikiwa imechanika kona, kwa pungufu ya hapo. Nyingine iliuzwa mnadani mwezi wa Juni 2024 kwa dola 4,366,000.

Siri iko mgongoni. Ukiigeuza hiyo ya pili na kuinamisha taa, utaona mstatili mdogo wa vijinundu, milimita 11 kwa 14, uliokandamizwa kwenye karatasi. Wakusanyaji huuita grili. Katika miaka ya 1860 Posta ya Marekani iliingiwa na hofu kwamba watu wanaosha wino wa muhuri na kuitumia tena stempu ileile. Mtu aitwaye Charles Steel akaleta dawa: nyuzi za karatasi zivunjwevunjwe kwa mashine ili wino uzame ndani na usitoke kwa maji. Kazi ilianza mwaka 1867, vyombo vikabadilishwa mara kadhaa, na kila badiliko likaacha grili ya kipimo chake. Watafiti wa baadaye walizipa herufi. Ile iliyopewa herufi Z ina alama ya peke yake: vijinundu vyake vina migongo iliyolala, ilhali vya wenzake vimesimama wima.

Stempu za senti moja zenye grili ya Z zinazojulikana duniani ni mbili. Moja imo katika mkusanyiko ambao Benjamin Miller aliukabidhi kwa maktaba ya umma ya New York mwaka 1925, na haiuzwi. Anayeitaka basi hana mlango mwingine ila huu wa pili. Ndiyo maana stempu hiyo, iliyonunuliwa kwa dola 935,000 mwaka 1998, ilibadilishwa mwaka 2005 kwa fungu la stempu nne zenye ndege iliyochapwa kichwa chini, fungu ambalo tajiri Bill Gross alikuwa ametoka kulinunua kwa karibu dola milioni tatu. Alikuwa anajenga mkusanyiko kamili wa stempu za Marekani za karne ya 19, na pengo lilibaki hilo moja.

Mfano huu unaonyesha mapema jambo ambalo wageni wa somo hili hulikosa. Mtu akikuta stempu za babu ndani ya sanduku, swali lake la kwanza ni umri. Umri peke yake hauuzi kitu. Stempu nyekundu ya senti 3 ya mwaka 1861, yenye George Washington, ina zaidi ya miaka 160, nawe unaweza kuinunua kwa bei ya chakula cha mchana, kwa kuwa ilichapwa kwa mamia ya mamilioni na watu waliitunza. Kinachouzwa ni kile unachoweza kukithibitisha: hiki ni kitu gani hasa, kimesalia katika hali gani, kilifanya kazi gani safarini, na nani mwingine anakubaliana nawe. Kila swali lina mitego yake.

Tuanze na kukitambua. Marekani ilitoa stempu zake za kwanza za nchi nzima tarehe 1 Julai 1847, miaka saba baada ya Uingereza: senti 5 yenye Franklin na senti 10 yenye Washington. Hazikuwa na meno pembeni. Karani alizikata kwa mkasi. Chini yake kuna herufi ndogo R.W.H.&E., za kampuni ya New York iliyochora na kuchapa. Mwaka 1851 zikafutwa kabisa, hazikulipia barua tena. Sasa, mwaka 1875 serikali yenyewe iliagiza nakala za stempu hizi mbili kwa ajili ya maonyesho ya miaka mia ya taifa, zikachongwa upya kwa mkono, bila nguvu ya kulipia barua. Ni nakala halali za serikali na zina bei nzuri, ila si stempu za 1847. Katika ile ya senti 5 jicho liende kwenye malinda meupe ya shati la Franklin, upande wa kushoto. Kwenye stempu ya asili yanagusa fremu ya duara usawa wa juu ya herufi F ya neno FIVE. Kwenye nakala yanagusa usawa wa juu ya tarakimu 5. Nusu milimita hivi, basi. Katika somo hili utaishi na nusu milimita.

Kwa nini tofauti ndogo namna hii zipo? Jibu liko kwenye chuma. Picha ilichongwa mara moja, ikahamishiwa kwenye gurudumu la chuma laini, gurudumu likakazwa kwa moto, kisha likaviringishwa juu ya bamba la kuchapia mara 200, mia kushoto na mia kulia. Mwanadamu ndiye aliyeviringisha. Mahali pengine alikandamiza sana, pengine kidogo, pengine alifuta ukingo ili stempu zisigusane, halafu bamba likachakaa na mistari yake ikachongwa upya. Kwa hiyo kila nafasi kwenye bamba ina sura yake, kama vile kila kidole kina alama yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika fani hii: kuijenga upya ramani ya bamba kwa kutumia stempu zilizotawanyika duniani. Dk. Carroll Chase alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye stempu ya senti 3 ya 1851, akazirudisha moja moja kwenye nafasi zake. Stanley Ashbrook alifanya hivyo kwa ile ya senti moja ya mwaka huohuo, ya buluu, yenye Franklin. Stempu hii imegawanywa katika aina kadhaa kulingana na kiasi cha mapambo yaliyosalia juu na chini. Aina ya kwanza, yenye mapambo yote kamili, katika toleo lisilo na meno ilitoka nafasi moja tu: nafasi ya 7, upande wa kulia, bamba la 1, kabla bamba halijachongwa upya. Wakusanyaji huandika 7R1E, na ukilitaja jina hilo mbele yao watanyamaza kukusikiliza. Stempu ya kawaida ya toleo hilo, ikiwa imetumika, inapatikana kwa dola mia hivi. 7R1E hufika makumi ya maelfu. Mnunuzi asiyejua kusoma mapambo ya chini hupita juu yake bila kuiona, na nadhani mpaka leo zipo zilizolala kwenye albamu za watu kwa jina lisilo lake.

Kuna fumbo jingine la kuchosha zaidi: picha moja, wachapaji watatu. Mwaka 1870 National Bank Note Company ilitoa stempu zenye vichwa vya viongozi. Mwaka 1873 kandarasi ikaenda kwa Continental Bank Note Company, ikachukua michoro ileile na kutia vijialama vya siri kwenye nyingi kati yake. Mwaka 1879 American Bank Note Company ikaimeza Continental na kuendelea na picha hizohizo kwenye karatasi laini zaidi. Mtu mwenye stempu moja mkononi anaitafuta alama ya siri, anaipinda kidogo karatasi kusikia kama ni ngumu au laini, anaiinua kwenye mwanga kuona nyuzi. Nisingemshauri mwanafunzi aanzie hapa.

Rangi nayo ni mtego. Ile senti 3 ya 1861 niliyoisema hapo juu iko pia katika waridi adimu ambayo wakusanyaji wanaiita damu ya njiwa, na hiyo ni ya maelfu ya dola. Kila wiki kuna mtu anayeamini ameipata. Lakini jua hufifisha wino, maji hubadilisha, na hewa chafu huzigeuza nyekundu kuwa za kahawia. Rangi usiihukumu kutoka kwenye picha ya simu. Ihukumu mchana, kando ya stempu nyingine yenye cheti.

Ukishajua kitu ni nini, bado hujajua bei. Katalogi ya Scott, ambayo chanzo chake ni orodha za John Walter Scott wa New York za mwaka 1868, hutoa namba na bei kwa kila stempu, na ndiyo lugha ya pamoja ya soko hili: ukisema Scott namba 1, wote wanajua unasema Franklin wa 1847. Bei yake lakini ni ya stempu iliyo katika hali nzuri sana: picha imekaa katikati, pambizo ziko pande zote, hakuna mpasuko, hakuna karatasi iliyokonda mgongoni. Stempu nyingi za 1847 zilikatwa kwa haraka na makarani waliokuwa na foleni mbele yao, na mkasi uliingia ndani ya picha. Hizo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya katalogi. Kinyume chake, yenye pambizo nne pana inaweza kuzidi katalogi mara kadhaa. Wanaofungua katalogi, wakajumlisha, wakajiona matajiri, huumia siku ya kuuza. Na kwenye mnada kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo dalali anafungia mnada: ile ya Z ilipigiwa nyundo kwenye dola milioni 3.7, na asilimia 18 ndiyo iliyoifikisha pale nilipopataja mwanzo.

Gundi ni hadithi yake. Kwa stempu ambazo hazijatumika, soko la leo hulipa fedha nyingi kwa gundi ya asili iliyosalia bila kuguswa. Fedha hizo zimezaa ufundi mbaya: watu hupaka gundi mpya, huziba matundu, hutoboa meno mapya kwenye ukingo ulionyooka, huosha mistari ya kalamu iliyotumika kufutia stempu, yaani kuonyesha imekwisha kutumika, ili ionekane mpya. Taa ya urujuanimno na majimaji ya kupimia alama za karatasi hufichua mengi ya haya, ila si yote. Kwa maoni yangu anayeanza aache kabisa mchezo wa gundi katika stempu za kabla ya 1870. Anunue zilizotumika, zenye muhuri unaosomeka. Muhuri ni shahidi, gundi ni kimya.

Na mihuri ina raha yake. Miji mingi haikupewa vyombo vya kufutia stempu, makarani wakachonga vizibo vya chupa. Waterbury, Connecticut, kulikuwa na John Hill aliyechonga nyota, majani, nyuso na wanyama bila kuchoka. Karibu na sikukuu ya shukrani ya Novemba 1869 alichonga kuku anayekimbia. Stempu aliyoifutia mara nyingi, ya senti 3 yenye picha ya garimoshi, ni ya bei rahisi. Ikiwa na kuku yule juu yake, na ikiwa bado iko kwenye bahasha, inatoka kwenye uwezo wa watu wa kawaida.

Neno bahasha limefika, nalo ndilo moyo wa jambo. Wengi wetu tuliokusanya stempu tukiwa shuleni tulifundishwa kuziloweka kwenye bakuli la maji, zikabanduka, tukazianika juu ya gazeti. Wamarekani wa karne ya 19 walifanya hivyohivyo, na ndiyo maana bahasha nzima za wakati huo zimekuwa chache kuliko stempu zake. Stempu iliyobanduliwa inakuambia iliuzwa. Stempu iliyo juu ya bahasha, na muhuri umeshika karatasi zote mbili, inakuambia ilitoka wapi, lini, ikaenda kwa nani, na ililipia nini.

Hilo la mwisho linataka ujue viwango. Kabla ya 1845 posta ilitoza kwa idadi ya karatasi, hivyo watu waliikunja barua yenyewe na kuandika anwani mgongoni. Bahasha ingehesabiwa karatasi ya pili. Kuanzia Julai 1845 ikawa uzito: senti 5 kwa nusu wakia hadi maili 300, senti 10 zaidi ya hapo. Mwaka 1851 ikashuka hadi senti 3 kwa aliyelipa mapema, ndani ya maili 3,000. Kulipa mapema kukawa lazima mwaka 1855, stempu ikawa lazima mwanzoni mwa 1856, na mwaka 1863 umbali ukaondolewa. Kwa hiyo barua ya mwaka 1848 kutoka New York kwenda New Orleans yenye stempu moja ya senti 5 inakuuliza swali: senti 5 nyingine iko wapi? Labda stempu ya pili imedondoka. Labda kuna mtu aliyebandika stempu kwenye barua ambayo haikuwa na stempu kabisa. Hesabu ikigoma, usinunue. Vilevile mwaka 1861, vita vilipoanza, serikali ilifuta stempu zote za zamani ili majimbo yaliyojitenga yasizigeuze fedha. Bahasha ya kaskazini ya 1862 yenye stempu ya 1857 iliyokubaliwa bila malalamiko inahitaji maelezo.

Bahasha pia zimeamua mabishano ambayo stempu pekee hazikuweza. Kati ya 1845 na 1847, kabla ya stempu za taifa, baadhi ya maposta wakuu wa miji walichapa zao. Za St. Louis zina nembo ya Missouri yenye dubu wawili, za senti 5, 10 na 20. Ile ya senti 20 ilitiliwa shaka kwa miaka mingi. Mwaka 1895 watu wa usafi katika mahakama ya Louisville, Kentucky, walikuwa wanaondoa makaratasi ya zamani kutoka chini ya jengo, na humo zikatoka stempu za dubu 137, za senti 20 zikiwemo. Shaka ikaisha. Nikiwaza kwamba makaratasi hayo yalikuwa yanaelekea motoni, moyo huniruka.

Moto ulikosa nyingine pia. Novemba 1847, huko Alexandria, Virginia, kijana James Hooff alimwandikia binti wa jamaa yake, Jannett Brown, barua ya mapenzi. Familia zilikuwa za madhehebu tofauti na mapenzi yalikuwa ya siri, kwa hiyo akamwagiza aichome kama kawaida. Hakuichoma. Walioana mwaka 1853. Juu ya bahasha kuna stempu ya posta ya Alexandria, iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu, nayo ndiyo pekee ya rangi hiyo inayojulikana. Iliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 1.18.

Upo pia ushahidi wa aina nyingine: historia ya umiliki. Stempu ya senti 90 ya 1869, yenye Abraham Lincoln, inajulikana kwenye bahasha moja tu, iliyotumwa kutoka Boston mwaka 1873 kwenda kwa Mmarekani aliyekuwa kwenye nyumba ya barafu ya Calcutta, mji ambao merikebu za Boston zilikuwa zikiupelekea barafu. Bahasha hiyo iliibwa Indianapolis mwaka 1967. Mwaka 2006 watu wawili wazee waliingia nayo kwenye duka la stempu Chicago, muuzaji akaitambua. Bahasha ya thamani inapigwa picha, inaandikwa kwenye katalogi za minada, inahesabiwa. Ndiyo maana kabla ya kununua kitu kikubwa unatafuta picha zake za miaka 50 nyuma: je, wakati huo ilikuwa na stempu hii? Muhuri ulishika hivi?

Na mwisho wa maswali ni cheti. Philatelic Foundation ya New York, iliyoanzishwa 1945, na chama cha wakusanyaji cha American Philatelic Society, cha 1886, wana kamati zinazochunguza kitu na kuandika maoni. Kisome cheti chote, hasa maneno yanayofuata baada ya neno "halisi": imezibwa, imepakwa gundi, muhuri umeongezwa. Cha zamani sana kirudishwe kikaguliwe upya, kwa sababu vifaa vimekua.

Kona moja ya somo hili inatufikia nyumbani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akashuka Unguja. Merikebu za Salem zilileta kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani, zikaondoka na pembe, karafuu na sandarusi. Zikaondoka pia na barua. Unguja haikuwa na ofisi ya posta wakati ule, wala stempu. Barua ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, ikakabidhiwa nahodha. Alipofika alizipeleka posta na kulipwa senti 2 kwa kila moja. Karani alipiga neno SHIP, akaandika 6 kama mwenye barua yuko bandarini palepale. Kama yuko mbele zaidi, ilikuwa gharama ya njia ya bara kuongeza senti 2, na baada ya 1845 barua ya Boston iliyoshuka Salem ilidaiwa 5 na 2.

Karatasi ya namna hiyo haina stempu hata moja, na mtu aliyezoea albamu huisukuma pembeni. Ifunue taratibu. Ukikuta ndani imeandikwa Zanzibar na tarehe, nje kuna SHIP, muhuri wa Salem na tarakimu 7, nenda kwenye magazeti ya Salem ya miezi hiyo, yaliyokuwa yakiorodhesha merikebu zilizoingia, utafute iliyotoka kwetu karibu na tarehe ya muhuri.